Maana ya Wimbo wa “Malaika”

Wakatekumeni wengi wa Lukafu wameusikia wimbo wa “Malaika” ukipigwa kwa gitaa katika karamu za arusi. Fadhili William aliutia katika santuri huko Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaueneza duniani. Juu ya mtungaji wake watu wangali wanabishana. Somo hili halina haja ya kuwaamua.

Maneno yake ni machache. Kijana ampenda msichana, amwita malaika, naye angemwoa, ila mali hana. Je, maana yake nini?

Wako vijana wanaoufasiri hivi: mahari imewashinda, basi wamchukue msichana hivyo hivyo, wazazi watanyamaza. Hiyo siyo maana yake. Kijana wa wimbo hamtoroshi mpenzi wake, wala hamlaumu, wala hageukii msichana mwingine wa mahari ndogo. Amesimama mlangoni kwa wakwe, mikono mitupu, na upendo wake haujapungua. Mwenye lawama, kama yupo, ni mzazi anayemtajia bintiye bei kama mbuzi wa sokoni. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 yataka mahari, lakini yaruhusu ndoa ifungwe ikiwa sehemu yake imekwisha kutolewa. Na Kanisa lafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya mume na mke wenyewe. Hakuna mtu awezaye kuitoa badala yao.

Lakini wimbo unaishia mlangoni. Hausemi neno juu ya mwaka wa 20 wa ndoa. Malaika haugui homa, hatwangi mihogo, hazeeki. Mke huugua, huchoka, huzeeka, na mume vilevile. Aliyempenda malaika tu atashangaa siku atakapomkuta mwanadamu nyumbani mwake. Mtakatifu Paulo, alipowaeleza Wakorinto sifa za upendo, alianza na uvumilivu. Uzuri wa uso hakuutaja kabisa.

Mfano wake ni mzee ambaye mkewe amepofuka. Kila asubuhi amshika mkono kwenda mtoni, na njiani amwambia ni nani anayewasalimu. Hapo hakuna gitaa. Huenda mzee huyo naye alianza na mikono mitupu, akaleta jembe mwaka mmoja na kitambaa mwaka wa pili, na wakwe wakamngoja.

Kwa hiyo mkatekumeni aliyekwisha kukaa na mwanamke miaka mingi, mahari ikiwa haijatimia, asijifiche nyuma ya wimbo huu. Na aende kwa wakwe na sehemu aliyo nayo, hata ikiwa kuku wawili, aseme nao kwa heshima. Kisha wafike kwa padri wote wawili pamoja, wasingoje mpaka juma la ubatizo.