Mbio za Kichakataji: Simu Yako Itaweza Nini?

Katika makala haya nimeazimia kueleza jambo ambalo wengi wetu hulizungumzia bila kulielewa vyema, nalo ni kasi ya simu. Utamsikia mtu akitamba, "Simu yangu ina mbio!" Hebu mwulize, mbio za kufanya nini? Hapo atakodoa macho. Najua fika kwamba shuleni simu ni marufuku, nami simchochei mtu yeyote aifiche ndani ya godoro. Lakini kukatazwa kubeba simu si kukatazwa kuijua.

Hoja yangu ni moja. Faida kubwa ya kichakataji chenye kasi si kufungua video upesi. Ni kuiwezesha simu kufanya kazi yenyewe, papo hapo, hata mahali ambapo netiweki haifiki. Hata hivyo, itafanya kazi ile tu iliyofundishwa, na itaelewa lugha ile tu iliyofundishwa. Tutaona.

KICHAKATAJI NI NINI?

Tuanze na neno lenyewe, kwani hilo ndilo shamba letu. Kuchakata ni kuponda kitu ili kupata kile kinachohitajika ndani yake. Jani la mkonge huchakatwa zikatoka nyuzi, na nyuzi hizo ndizo ambazo akina mama wa Ukambani huzisokota na kusukia vyondo. Kichakataji cha simu, au prosesa kama wauzaji wa simu mjini Machakos wanavyokiita, hufanya vivyo hivyo, ila malighafi yake ni nambari. Sauti yako, picha uliyopiga, hata ujumbe wa "Nimefika salama", vyote huingia humo vikiwa nambari. Kichakataji huzijumlisha, huzizidisha na kuzilinganisha, kisha hutoa kitu chenye maana.

Kazi hiyo hufanywa na swichi ndogo mno ziitwazo transista. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kichakataji chake cha kwanza, 4004, chenye transista 2,300. Mwaka 2017 kichakataji cha simu cha kampuni ya Apple, A11, kilikuwa na transista bilioni 4.3, na kile cha mwaka 2023, A17 Pro, kilikuwa na bilioni 19. Vyote hivi ni vipande vyembamba ambavyo unaweza kuviweka juu ya ncha ya kidole.

Vichakataji vya simu nyingi duniani leo hufuata muundo wa ARM, uliozaliwa mjini Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Sifa yake kuu si mbio bali ubahili, kwa maana hutumia umeme kidogo. Kwa kifaa kinachoishi kwa betri, ubahili ni fadhila.

TULIKOTOKA

Usidhani kwamba simu isiyo na mbio haina faida. La hasha! Mwezi wa Machi mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza nchini Kenya, simu za watu wengi zilikuwa zile za vitufe na tochi, ambazo vijana waliziita mulika mwizi na baadaye kabambe. Kichakataji chake kilikuwa hafifu. Mbona basi ziliweza kutuma pesa? Kwa sababu kazi nzito haikufanyika ndani ya simu. Kadi ya simu ilionyesha orodha fupi tu, ukachagua, ukaandika nambari ya siri, na hesabu zote zikafanywa na mashine kubwa za kampuni huko mbali. Simu ilikuwa tarishi tu.

Tarishi ana kasoro moja, ndugu msomaji. Njia ikifungwa, hana faida. Anayeyajua mabonde ya Ukambani anajua jinsi netiweki inavyokupungia mkono ukiwa kileleni na kukuaga ukishuka mtoni.

Mwaka 2011 simu ya Ideos ya kampuni ya Huawei ilipouzwa hapa nchini kwa bei nafuu, Wakenya wengi walipata kwa mara ya kwanza simu iliyo kompyuta ndogo. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, katika kaunti yetu hii ya Machakos. Simu zake za kwanza zilitangazwa kwa bei ya chini ya shilingi 10,000. Tukumbuke tu kwamba kuunganisha simu si kutengeneza kichakataji. Kipande hicho bado hutoka ng'ambo.

HESABU KIDOGO

Sasa chukua kalamu. Mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Google walitoa muundo wa programu uitwao MobileNet, uliobuniwa makusudi kwa ajili ya simu, ili simu iweze kutambua kilichomo kwenye picha. Picha yenyewe ni ndogo: nukta 224 kwa 224. Kila nukta ina nambari tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Kwa hivyo picha moja ni nambari 150,528. Ili kuamua picha hiyo ni ya nini, programu hufanya kuzidisha-na-kujumlisha mara milioni 570 hivi.

Tuseme simu ya kwanza inaweza kufanya hesabu milioni 10 za aina hiyo kwa sekunde. Itachukua sekunde 57 kwa picha moja. Utachoka, mkono utatetemeka, na jani litapeperushwa na upepo. Simu ya pili ifanye hesabu bilioni 1 kwa sekunde. Itamaliza kwa sekunde 0.57, yaani kabla hujapepesa macho mara mbili. Simu ya tatu ifanye bilioni 20 kwa sekunde. Hiyo itaweza kutazama picha zaidi ya 30 kila sekunde, na mwendo huo ndio wa video. Haitazami tena picha. Inatazama pamoja nawe.

Hapo ndipo penye siri. Kasi ikiongezeka kidogo, kazi ya zamani hufanyika upesi. Kasi ikiongezeka sana, huzaliwa kazi mpya ambayo zamani haikuwezekana kabisa.

MFANO WA NURU

Labda utasema haya ni maneno ya vitabuni. Hebu tutazame shamba la mihogo. Muhogo una maradhi mawili mabaya, batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na wenzao wa taasisi ya kilimo ya IITA walipiga picha nyingi za majani ya mihogo nchini Tanzania, wakaifundisha kompyuta kuyatambua maradhi hayo. Matunda yake ni programu ya simu iitwayo Nuru, jina la Kiswahili, na hata huzungumza Kiswahili. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, na simu humwambia ugonjwa ulioonekana. Jambo la kufurahisha ni kwamba haihitaji intaneti wakati wa kuchunguza jani. Kichakataji hufanya kazi hapo hapo shambani.

Je, hubahatisha? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilipata jibu sahihi kwa asilimia 65, maafisa wa kilimo asilimia 40 hadi 58, na wakulima asilimia 18 hadi 31. Ilipopewa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwa hivyo simu si mganga asiyekosea, lakini inasaidia. Baadaye ilifundishwa pia kumtambua kiwavijeshi vamizi wa mahindi, mdudu aliyeingia Kenya mwaka 2017. Sisi wa nchi kavu, ambao mvua yetu ni ya kuhesabu, tunajua maana ya kupoteza mahindi ya msimu mmoja.

Huko Nakuru nako, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kupima uwezo wa macho kwa kutumia simu, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo yaliyokaribiana na ya chati za kawaida za kliniki. Kipimo kikamfuata mgonjwa nyumbani.

MBIO ZA SAKAFUNI

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wa kichakataji ni joto na betri. Kompyuta ya mezani ina feni, simu haina. Ukikilazimisha kichakataji kwenda mbio zaidi, mara nyingi hukibidi kiongezewe pia nguvu ya umeme, na betri huliwa kwa kiwango kinachozidi kasi uliyoipata. Simu ikishapata moto, hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Dawa mojawapo ilitangazwa na kampuni ya ARM mwaka 2011, nayo ni kuweka ndani ya kichakataji kimoja viini vikubwa vyenye nguvu na viini vidogo vyenye ubahili. Mkulima wa huku ataelewa mara moja. Fahali ni wa kulima, punda ni wa kuteka maji. Huwezi kufunga fahali wawili nira ili walete mtungi mmoja! Dawa nyingine ni kiini maalumu kinachojua kuzidisha nambari nyingi kwa mpigo, kwa ajili ya picha na sauti. Simu ghali zilianza kuwa nacho mwaka 2017, na kama ilivyo desturi, mambo ya simu ghali huteremka polepole hadi kwa simu za bei yetu.

LUGHA YETU ITAKUWEPO?

Sasa nifike kwenye kiini cha makala. Simu yenye mbio itaweza kusikiliza na kuandika usemacho, bila intaneti. Fikiria susu yako ambaye hakubahatika kusoma, akiiambia simu tu, "Nisomee ujumbe wa mwanangu." Kichakataji kitaweza. Lakini je, kitamwelewa?

Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa programu ya kusikiliza iitwayo Whisper. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Saa za Kiingereza zilikuwa kama 438,000. Saa za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili hazikufika hata kumi! Lugha ya mamilioni ya watu, saa chini ya kumi. Hapo kosa si la kichakataji. Hata kikipigwa mbio vipi, hakiwezi kuchakata mkonge ambao haukuletwa.

Si kwamba watu wamelala. Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya hazina iitwayo Kencorpus, yenye maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kikamba hakimo katika hazina hiyo. Shirika la Mozilla nalo lina mradi wa Common Voice, ambapo mtu yeyote anaweza kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti na kuzichanga. Kazi hiyo haihitaji digrii. Yahitaji mtu anayesoma vizuri na mwenye subira.

HITIMISHO

Kwa hivyo, wenzangu, tusingoje tu wazungu na Wachina watuletee simu yenye mbio. Itakuja, tupende tusipende. Letu ni kuhakikisha kwamba ikija itatukuta tumejiandaa. Likizoni, ukipata simu ya mzazi kwa ruhusa, soma sentensi ishirini za Common Voice. Andika hadithi za susu jinsi anavyozisimulia, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu akikuuliza Chama cha Kiswahili kinahusianaje na kompyuta, mweleze habari ya zile saa kumi.

MASWALI

1. Eleza kwa maneno yako uhusiano wa kuchakata mkonge na kazi ya kichakataji.
2. Kwa nini simu ya kabambe iliweza kutuma pesa ilhali kichakataji chake kilikuwa hafifu?
3. Simu inayofanya hesabu milioni 190 kwa sekunde itachukua sekunde ngapi kutambua picha moja ya MobileNet?
4. "Kasi bila lugha ni kazi bure." Jadili.