SEHEMU SI BAHATI NASIBU
Maana na asili ya neno "sehemu"



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu mwanafunzi, siku moja baada ya kipindi cha fiqhi binti mmoja alibaki nyuma akaniuliza: "Ustadhi, babu alipofariki, baba na ami waligawana shamba na nyumba. Shangazi alipewa doti moja ya kanga, akaambiwa hiyo ndiyo sehemu yake. Je, hiyo ni sehemu kweli?"

Ili tumjibu, kwanza tulijue neno lenyewe.

1. Maana yake
Sehemu ni fungu la kitu kizima. Pia twalitumia kwa maana ya mahali, kama tusemavyo "sehemu hii ina maji". Waingereza husema "part", neno lililotoka katika Kilatini, au "share", ambalo asili yake ni kukata. Letu limetoka katika Kiarabu, nalo ni sahm.

Maneno yetu mengi ya mafungu yametoka huko huko: nusu, robo, thuluthi, hisa na juzuu. Msahafu una juzuu 30, kila juzuu ina hizbu 2, na kila hizbu ina robo 4. Hata thumuni, neno ambalo wazee wetu waliiitia sarafu ya senti 50, maana yake ni moja ya nane.

2. Asili yake
Huenda utashangaa kujua kuwa maana ya kwanza ya sahm ni mshale. Je, mshale na fungu vinahusiana vipi?

Zama za Jahiliya, Waarabu walikuwa wakichinja ngamia, kisha wakichezea nyama yake kamari kwa mishale. Baadhi ya mishale ilikuwa na mafungu, na mingine haikuwa na kitu. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alichukua nyama, na aliyetokewa na mtupu aliondoka mikono mitupu, tena akilipia ngamia. Hivyo mshale ukawa jina la fungu lenyewe. Kamari hiyo imeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 90.

Mzizi wa neno hili umo pia katika Suratus Saffat, aya ya 141, katika kisa cha Nabii Yunus (A.S.) alipopigiwa kura jahazini.

3. Uislamu ulibadilisha nini?
Zama hizo hizo mwanamke na mtoto mdogo hawakurithi, kwani mali ilikuwa ya wenye kubeba silaha. Ikateremka Suratun Nisaa. Aya ya 7 inawataja wanaume kuwa wana fungu katika mali iliyoachwa na wazazi na jamaa, kisha inawataja wanawake vile vile, mali iwe chache au nyingi. Neno lililotumika hapo ni nasib. Sisi tunalo, twasema "nasibu", lakini tumelipa maana ya bahati! Katika aya hiyo si bahati hata kidogo: ni fungu lililofaradhishwa.

Aya ya 11, 12 na 176 zinataja viwango sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi.

4. Mfano
Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Wazazi wake hawako hai. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia (usiozidi thuluthi), zimebaki shilingi 8,000,000.

Mke: thumuni, yaani 1,000,000.
Zinazobaki 7,000,000 zinagawanywa mafungu 5, kwa kuwa mwanamume huchukua mara mbili ya mwanamke.
Kila mtoto wa kiume: 2,800,000.
Mtoto wa kike: 1,400,000.

Sasa tumjibu binti yetu. Familia ya babu yake ilikuwa kama hii. Shangazi alikuwa na fungu moja katika kila mafungu matano ya kilichobaki baada ya haki ya bibi, shamba na nyumba vikiwemo. Doti ya kanga ni zawadi, haiwi badala ya haki. Akipenda kuwaachia kaka zake kwa ridhaa yake, ni hiari yake, lakini baada ya kuelezwa fungu lake ni kiasi gani. Kunyamaza kwa haya mbele ya kaka zake si ridhaa.

Wazazi wetu, tusiwarudishe mabinti zetu kwenye mshale mtupu.

Maswali
1. Taja viwango sita vya mirathi.
2. Katika mfano hapo juu, kama watoto wangekuwa mmoja wa kiume na mmoja wa kike, kila mmoja angepata nini?

Wabillahi tawfiq.