SOMO: KARATASI ZA DAKTARI GUTTMANN
Tarehe 29 Julai 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Dkt. Ludwig Guttmann aliwashindanisha askari wa zamani 16 wenye ulemavu, wakiwemo wanawake 2, kulenga shabaha kwa upinde. Ndicho chimbuko la Paralimpiki. Karatasi zake binafsi hazikutupwa. Zimetunzwa Wellcome, London.

Mwaka 1976 Mganda asiyeona, Tofiri Kibuuka, alishindana kwenye theluji kule Sweden (mtu wa ikweta!).

Na vijana wetu wa Bilele? Picha nyingi hazina hata jina. Kwa idhini ya mhusika, andikeni nyuma jina, mchezo na tarehe. Daftari likae ofisi ya usharika, si nyumbani kwa katibu. Akihama, huhama nalo.