Kushtua na Kuogofya: Vitenzi Viwili katika Uhakiki wa Filamu za Kutisha

Watazamaji hawakubaliani kuhusu filamu ipi inatisha kweli. Sehemu ya ubishi huo hutokana na kuchanganya dhana mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha: kushtuka na kuogopa.

Kisarufi, kitenzi shtuka hakichukui yambwa. Hutaja tukio la ghafla linalompata mtu na kupita. Ogopa huweza kuchukua yambwa: mtu huogopa kitu fulani, na si lazima kitu hicho kiwe mbele yake. Katika kauli ya kutendesha, shtuka hulingana na shtua, na ogopa hutoa ogofya.

Filamu ya Cat People (1942), iliyoongozwa na Jacques Tourneur, inadhihirisha tofauti hiyo. Mwanamke anatembea usiku peke yake, akihisi kwamba anafuatwa. Hapo anaogopa, na mtazamaji pamoja naye. Mara basi linasimama kwa mvumo mkali: mtazamaji anashtuka, kisha anashusha pumzi. Mshtuko umeikata hofu badala ya kuikuza. Kwa upande mwingine, The Blair Witch Project (1999) haimwonyeshi mchawi hata mara moja. Kinachoogopwa hakionekani, hivyo hofu haipati mahali pa kuishia.

Kwa hiyo, apendaye kushtuliwa na apendaye kuogofywa hawabishani juu ya jambo moja. Mhakiki anayeandika kwamba filamu "inatisha" bado hajaeleza kitu. Hana budi kwanza kubainisha ni kwa kitenzi kipi.