KIBALI NI HODI: SOMO KUHUSU KUTAFUTA MANDHARI YA FILAMU HAPA JUJA
Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

 

Mwaka jana chama chetu kiliazimia kutengeneza filamu fupi kwa ajili ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Kama mjuavyo, kila mtu alitaka kuwa mwigizaji. Kazi ya kutafuta mahali pa kupigia picha na kuomba ruhusa haikugombewa na yeyote, nami nikatwikwa. Tangu siku hiyo wenzangu wameniuliza mara nyingi: "Kwani ukishakuwa na kamera si unapiga tu? Ruhusa ya nini?" Kuuliza si ujinga. Nimeonelea nijibu katika gazeti letu ili kikosi cha mwaka ujao kisianzie gizani.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Mswahili hafungui mlango wa mtu kabla ya kupiga hodi na kusubiri karibu. Kibali ni hodi iliyoandikwa. Asiyeipiga huenda akapata picha, lakini atakuwa ameingia kwa watu kama mwizi.

1. MANDHARI NI NINI?

Katika fasihi tumefundishwa kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio hutendeka. Mwandishi wa riwaya huyajenga kwa kalamu. Akiandika "mtoni", basi mto umepatikana, na hakuna atakayemdai nauli. Mtengenezaji wa filamu hana bahati hiyo. Sharti autafute mto wenyewe, aufikie kwa matatu au kwa miguu, ajue shamba la kando ni la nani, kisha aombe mvua isinyeshe siku hiyo.

Hata hivyo, si lazima mahali pawe ndipo hasa panaposimuliwa. Kinachotakiwa ni pafanane na hadithi. Filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 ilihitaji jumba la gavana wa enzi za ukoloni, na jengo la utawala la Nairobi School ndilo lililotumiwa. Hebu fikirieni, ofisi ambayo wanafunzi huitiwa kupewa adhabu ikawa kasri la gavana! Kwa hivyo anayetafuta mandhari aanze na yaliyo karibu. Bweni letu, jikoni na uwanja wa nyuma vinaweza kuwa hospitali, gereza au kituo cha basi.

2. KAMERA SI MGENI KWETU

Wengine hudhani filamu ni mambo ya majuzi. La hasha! Mwaka 1909 aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja kuwinda katika nchi hii na akakaa hapa Juja, katika shamba la Mmarekani William Northrup McMillan. Mwaka huohuo Mwingereza Cherry Kearton alimpiga picha za sinema akiwa katika safari hiyo. McMillan alifariki mwaka 1925, na kaburi lake liko mlimani Ol Donyo Sabuk, ambao wengi wetu tunauita Kilimambogo. Husimuliwa kwamba hata jina Juja alilileta yeye.

Thika nayo ilipata umaarufu ng'ambo kwa kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichotoka mwaka 1959. Mwaka 1981 kikageuzwa mfululizo wa televisheni wa Uingereza uliopigwa picha humu nchini. Ni hadithi ya familia ya walowezi iliyofika hapa mwaka 1913. Sikashifu hadithi hiyo, kwani kila mtu ana haki ya kusimulia utoto wake. Lakini jiulize, watu waliokuwa wakiishi hapa kabla ya walowezi wanaonekana wapi katika picha hizo? Aghalabu nyuma, wamebeba mizigo. Sasa kamera imetufikia sisi mikononi. Tukiitumia vibaya, tutawafanyia majirani zetu lilelile tunalolalamikia.

3. KUTEMBEA KWA MACHO NA MASIKIO

Filamu yetu ilimhusu kijana anayetaka kuacha shule akachonge mawe kama babake. Tulihitaji nyumba, njia ya shule, soko na machimbo ya mawe. Nilitembea na wenzangu wawili na daftari moja kwa Jumamosi tatu. Haya ndiyo tuliyoyaandika kila tulipofika mahali:

(a) Mwangaza. Jua letu la karibu na ikweta huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu na hupanda upesi. Kufika saa sita limesimama utosini, na macho ya mwigizaji yanaingia kivulini hata akionekana kama ana mashimo usoni. Saa nzuri ni za asubuhi hadi saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Enda mahali penyewe saa ileile utakayopiga picha, si saa nyingine.

(b) Sauti. Jicho husamehe, sikio halisamehi. Karibu na barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, magari hayanyamazi. Kuna pia kinu cha kusaga unga, redio ya kinyozi, mbwa na makanga. Simama, fumba macho dakika tano, kisha uandike kila unachosikia. Tuliacha uwanja mmoja mzuri ajabu kwa sababu ya kinu tu.

(c) Majira. Mvua ya masika huanza Machi hadi Mei, na ya vuli Oktoba hadi Desemba. Udongo wa huku ukilowa, mtu hubeba nusu ya shamba kwenye viatu. Mwezi wa Julai nao ni wa baridi na mawingu. Picha ya leo na ya kesho huenda zisilingane.

(d) Usalama na mahitaji. Je, kuna choo? Kuna umeme wa kuchaji betri? Kuna kivuli cha kupumzikia? Mtu akiumia atafikishwa hospitalini kwa njia gani?

(e) Mwenyewe. Hili ndilo la mwisho katika daftari lakini ndilo la kwanza kwa uzito. Hapa ni pa nani?

4. KILA MAHALI PANA MWENYEWE

Usiseme "hapa ni porini tu". Katika eneo letu hakuna mahali pasipo mwenyewe. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mananasi ya Thika yana kampuni zake. Ukitaka chuo kikuu cha JKUAT, enda kwa uongozi wa chuo. Hifadhi ya Ol Donyo Sabuk iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Barabara kuu ya Thika husimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, na kusimamisha magari si kazi ya wanafunzi. Soko ni la kaunti, lakini kibanda ni cha mama anayeuza. Kwa hiyo huko sokoni piga hodi mara mbili.

Ukitaka kurusha droni, kuna kanuni za mwaka 2020 na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ndiyo inayohusika. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usivielekezee kamera kabisa bila idhini. Huo si ushujaa, ni kujitafutia balaa. Na popote uendako mjulishe chifu mapema. Watu wakimwona kijana akipima nyumba yao kwa macho, ni haki yao kushuku.

Jambo moja la kuangalia: mkono mtupu haulambwi, ndivyo wasemavyo wengine wakitaka chai. Ukiambiwa ulipe ada, omba risiti. Ada isiyo na risiti si ada.

5. SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya bendera yetu kupanda. Inasema kwamba mtu asitengeneze filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa bila leseni. Anayeomba leseni sharti aambatishe maelezo ya matukio yote pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, ndiyo hushughulikia leseni. Mgeni kutoka nje hupitia kwa wakala wa hapa nchini aliyesajiliwa. Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2005, kazi yake ni kukuza filamu nchini na kuwavutia watengenezaji waje. Kwa filamu ya wanafunzi, mwalimu mlezi aiulize Bodi mapema kinachohitajika, asikisie.

Hapa pana jambo zito. Sheria hiyo inamaanisha serikali husoma maneno yako kabla kamera haijafunguliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Kifungu cha 31 nacho kinalinda faragha. Binafsi naona hodi kwa mwenye nyumba ni adabu, lakini kusomewa moyo wako kabla hujasema ni jambo jingine. Walimu wengine watasema bila uchujaji watoto wataonyeshwa uchafu. Nawaachia mdahalo, mjadiliane Ijumaa. Lakini hadi sheria ibadilike, mwenye busara huifuata huku akiihoji.

6. BARUA YA KUOMBA KIBALI

Sasa tutumie yale tunayofunzwa katika insha. Hii ni barua rasmi kama ile ya mtihani, ila mwandikiwa ni mtu wa kweli na anaweza kukataa.

S.L.P. ........, JUJA.
Tarehe ............

Kwa Mwenye Machimbo,

KUH: OMBI LA KUPIGA PICHA ZA FILAMU

Mada iliyotajwa hapo juu yahusika. Sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili. Tunatengeneza filamu ya dakika kumi kuhusu kijana na masomo yake. Tunaomba kutumia machimbo yako kwa saa tatu, siku ambayo kazi imesimama. Tutakuwa wanafunzi wanane na walimu wawili. Hatutagusa mashine wala kukaribia ukingo. Tutaokota takataka zetu zote. Tumeambatisha mswada ili uone jinsi mahali pako patakavyoonyeshwa. Filamu ikikamilika tutakuletea uitazame.

Wako mwaminifu,
(Sahihi)
Katibu wa Chama

Ona kwamba barua imejibu maswali manne: nani, nini, lini na kwa masharti gani. Ile sentensi ya mswada usiiache. Ndiyo inayomfanya mtu akuamini.

Mwenye machimbo wa kwanza alikataa. Alisema kuna baruti na hataki damu ya watoto wa watu shambani mwake. Kuna mwenzetu aliyenong'ona, "Turudi Jumapili, hatatujua." Mwalimu akamwangalia tu, maneno yakamwishia. Hodi ikijibiwa "sivyo leo", mgeni hugeuka. Tulipata machimbo mengine yaliyokwisha kuachwa, na mzee mwenye shamba akatupa saa mbili. Alikaa nasi kwenye kigoda mwanzo hadi mwisho.

7. RUHUSA YA MTU SI RUHUSA YA MAHALI

Somo kubwa nililipata sokoni. Tulikuwa na barua yenye muhuri. Nikamwonyesha mama mmoja muuza sukuma wiki, kwa heshima. Akaisoma yote, akanirudishia. "Sawa mwanangu, hii ni ya soko. Mimi je? Huko kwa filamu yenu mimi ni nani? Maskini wa kuhurumiwa?"

Swali hilo lilitusimamisha. Katika mswada alikuwa ameandikwa "mwanamke maskini". Tukaketi naye juu ya kreti, tukamsomea. Akasema yeye amesomesha watoto watatu kwa kibanda kile, na kama tunataka picha yake basi tumwonyeshe akihesabu pesa zake. Tulibadilisha mswada. Nawaambieni, ndiyo sehemu iliyopigiwa makofi zaidi ilipoonyeshwa ukumbini.

Hata wakubwa wamekutana na swali la namna hiyo. Filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 ilipigwa Kibera na Loiyangalani. Hali waliyoikuta huko iliwagusa watengenezaji wake hadi wakaanzisha mfuko wa kusaidia elimu katika sehemu hizo. Si lazima kila kikosi kiache shule au kisima. Lakini kila kikosi kiache watu wakiwa na heshima ileile waliyokuwa nayo asubuhi.

Watoto nao wana ulinzi wa pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hivyo andaeni fomu ya wazazi kabla ya kumpiga picha mtoto yeyote, hata mwanachama.

HITIMISHO

Kabla ya kamera kufunguliwa, tembea, sikiliza, uliza, andika barua, subiri jibu. Ni kazi isiyo na makofi na jina lako litaandikwa mwishoni kwa herufi ndogo. Lakini bila kazi hiyo, filamu haina pa kusimama. Haraka haraka haina baraka.

MSAMIATI
Mswada: maandishi ya filamu yenye matukio na mazungumzo.
Mwelekezi: anayeongoza waigizaji na wapiga picha.
Kibali: ruhusa ya kutumia mahali fulani.
Leseni: ruhusa ya kisheria ya kutengeneza filamu.
Wakala: anayefanya shughuli kwa niaba ya mwingine.

MASWALI
1. Taja mambo matano ya kuandika unapokagua mandhari.
2. Kwa nini muuza sukuma wiki hakutosheka na barua ya soko?
3. Andika barua ya kuomba kupiga picha katika duka lililo karibu na kwenu.
4. "Serikali isisome mswada kabla ya filamu kutengenezwa." Jadili.