Kabla ya Kuinua Gari la Zamani: Somo kwa Wenye Magari ya Njia Mbovu

Barabara ya lami itokayo Songea kwenda Tunduru hupita Namtumbo mjini, na kwa mwendo wa takriban kilomita 70 kutoka Songea gari lolote lenye afya hufika bila taabu. Taabu huanza pale dereva anapoiacha lami. Njia za kuelekea Lusewa na Magazini, upande wa Mto Ruvuma, hushuka katika mabonde ambayo kuanzia Desemba hadi Aprili hushika maji na utelezi, na magurudumu ya magari yaliyotangulia huacha mifereji mirefu katikati ya tope. Katika njia za namna hiyo Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Land Rover za miaka mingi iliyopita bado ni mali ya thamani. Hubeba mbolea msimu unapoanza, mahindi na tumbaku msimu unapokwisha, na usiku wa mvua hubeba mgonjwa.

Hatushangai, basi, kwamba mwenye gari la aina hiyo akipata fedha kidogo baada ya mavuno hutamani kuliinua, kulivika matairi makubwa na kuiongezea injini nguvu. Kazi hiyo ni ghali, aghalabu haina dhamana ya maandishi, na ikikosewa huweza kuua watu. Katika somo hili tunamweleza mlaji jambo ambalo wauzaji wachache hulisema wazi: sehemu kubwa ya urefu anaouziwa haiinui ile sehemu ya gari inayokwama.

Nini hasa kinachoinuka

Lala chini ya gari lako ukiwa na futi mkononi. Sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi, katika Land Cruiser za mfululizo huo na katika Land Rover za zamani, ni tumbo la difu. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imeshikwa na magurudumu. Springi ziko juu yake. Ukiweka springi ndefu zaidi, bodi na chasisi vitapanda, lakini ekseli itabaki palepale ilipokuwa, kwa kuwa kimo chake hutokana na tairi peke yake. Ule mgongo wa udongo uliobaki katikati ya mifereji, ambao ndio uliokukwamisha Machi iliyopita, utaikuta difu yako mahali palepale.

Hatusemi kwamba kuinua bodi hakuna faida. Bampa hukutana na ukingo wa korongo kwa nafasi zaidi, bomba la moshi na tangi la mafuta huepuka mawe, na magurudumu hupata nafasi ya kupanda na kushuka bila kugusa madigadi. Faida hizo ni za kweli kwa anayevuka makorongo kila wiki. Kwa anayekwama katika tope la mifereji, fedha hizo zingefanya kazi bora mahali pengine.

Sasa tairi. Tairi la kawaida la magari haya, 7.50R16, lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Wengi huuziwa 265/75R16 kwa maneno kwamba ni “kubwa”. Lisome mwenyewe: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na ya tatu ni rimu kwa inchi. Piga hesabu, utaona kwamba kipenyo chake nacho ni sentimita 80. Ni pana zaidi, si refu zaidi. Na katika tope jepesi lililolala juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba mara nyingi hukata tope na kufikia ardhi, ilhali pana huelea na kuteleza.

Ukitaka urefu wa kweli utafika, tuseme, 315/75R16, lenye kipenyo cha takriban sentimita 88. Ongezeko ni sentimita 8, lakini difu itapanda sentimita 4 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko la kipenyo huenda juu ya ekseli. Kwa sentimita 4 hizo utalipia matairi, pengine rimu, na mambo mengine tutakayoyaeleza hapa chini. Yamkini bado utataka. Ni haki yako, maadamu umejua unanunua nini.

Rudisha kwanza, ongeza baadaye

Gari lililobeba magunia kwa miaka 20 haliko tena katika kimo lilichotoka nacho kiwandani. Springi za majani hulala; upinde wake hupotea polepole hata mwenye gari asitambue. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu, upime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto, au springi iliyonyooka kama rula, ni ishara kwamba kimo unachotaka kukinunua umeshawahi kuwa nacho. Springi mpya za kiwango sahihi, bushi mpya na shokomzoba mpya hurudisha sentimita kadhaa na hurudisha pia utulivu wa usukani, jambo ambalo kuinua peke yake hakuwezi.

Springi huchaguliwa kwa uzito linaobeba gari siku nyingi, wala si kwa siku moja ya mavuno. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, na springi iliyotengenezwa kwa tani hiyo, gari likiwa tupu, huwa ngumu kiasi cha kurusha ekseli juu ya kila tuta. Gurudumu lililo hewani halina mshiko wala breki. Anayebeba mzigo mzito mara chache kwa mwaka achukue springi ya kati na apunguze magunia kwa kila safari.

Zipo njia za mkato, na tunazitaja kwa sababu bei yake hushawishi. Ya kwanza ni kuikanza springi ya zamani kwa moto na kuipinda upya. Moto huo huondoa ugumu uliotiwa kiwandani, na springi hulala tena ndani ya miezi michache au huvunjika. Ya pili ni kutia jani la springi ya lori lisilolingana na mengine. Ya tatu ndiyo inayotutia hofu zaidi: kipande cha chuma, wakati mwingine hata cha mbao, kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Katika ekseli ya mbele kisikubaliwe hata kidogo. Dereva anapokanyaga breki ekseli ya mbele hujaribu kujizungusha, na kipande hicho huipa nguvu hiyo mkono mrefu zaidi wa kung’olea boliti.

Breki hazijui kwamba umeinua gari

Gari lile lile litokalo Lusewa likiwa limejaa tope huingia kwenye lami na kukimbia kuelekea Songea. Hapo ndipo kosa la gereji hujulikana.

Mipira ya breki, inayounganisha chasisi na ekseli, ilikatwa kwa urefu wa gari la awali. Gari likiinuliwa na gurudumu moja likaning’inia shimoni, mpira hunyooka hadi mwisho; ukipasuka, mafuta ya breki humwagika. Mwulize fundi, kabla hujalipa, kama mipira mirefu imo katika bei.

Kisha tazama nyuma. Katika pikapu nyingi za Toyota kuna vali ya breki iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba. Kazi yake ni kutambua mzigo: springi zikilala kwa uzito, huruhusu breki za nyuma zikamate zaidi, gari likiwa tupu na limeinuka, huzipunguza ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Ukiinua gari, vali hiyo hudhani kwamba halina kitu hata likiwa na tani moja mgongoni, na breki za nyuma hukamata kidogo pale zinapohitajika sana. Kuna marekebisho yake, nayo ni ya dakika chache kwa fundi anayeifahamu. Asiyeifahamu ataiacha, au ataifunga kabisa.

Kuna pia pembe za propela, ambazo zikizidi hula krosi na kuleta mtikisiko. Na katika Land Cruiser zenye springi za koili mbele, zilizoanza kutoka mwaka 1999, kuinua huilaza ekseli kwa nyuzi kadhaa hata usukani ukawa mwepesi wa kupotea kwenye lami. Zaidi ya yote, kitovu cha uzito hupanda. Abiria waliokaa juu ya magunia hukipandisha zaidi.

Kwa maoni yetu, anayetumia gari kwa kazi na kwa lami asizidishe sentimita 5 juu ya kimo cha kiwandani.

Nguvu za injini na mwendo wa gia

Rudi kwenye tairi la sentimita 88. Ni kubwa kwa asilimia 10 kuliko la awali, na injini hulihisi kana kwamba gia zote zimekuwa ndefu zaidi. Difu yenye uwiano wa 4.11 hufanya kazi kama ya 3.7. Gari hupanda mlima kwa shida, klachi huchomwa wakati wa kuondoka topeni, na injini haishiki gari vizuri wakati wa kushuka. Mshale wa mwendo nao hudanganya: ukisoma 80, unakwenda 88.

Tiba yake ni meno ya difu yenye uwiano mkubwa zaidi, kama 4.56, ambayo hurudisha hali karibu na ilivyokuwa. Yakibadilishwa, lazima yabadilishwe mbele na nyuma kwa uwiano uleule. Difu mbili zenye uwiano tofauti, gari likiwekwa katika magurudumu manne, hushindana hadi kitu kivunjike. Anayenunua difu iliyotumika ahesabu meno mbele ya muuzaji: meno ya gurudumu kubwa yakigawanywa kwa meno ya pinioni. Meno 37 kwa 9 ni 4.11. Rangi ya ganda haimwambii mtu chochote.

Kuhusu turbo tutakuwa wafupi. Injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 iliyo katika Land Cruiser nyingi, iliundwa bila turbo. Ukiiongezea, umeongeza joto na msukumo kwa silinda hedi, gasketi, rejeta na klachi vya miaka mingi. Kwa gari la kazi hatuishauri.

Loki ya difu ya nyuma, kinyume chake, ni nyongeza inayostahili kufikiriwa kabla ya urefu wowote, kwa kuwa gari hukwama mara nyingi pale gurudumu moja linapozunguka bure na lenzake kusimama. Kuna na jambo dogo zaidi, la gharama ndogo kuliko yote: mrija wa kupumulia wa difu. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi ya mto, hewa iliyo ndani husinyaa. Mrija ukiwa umezibwa na tope, maji huvutwa kupitia sili. Kirefushe hadi juu ya chasisi, na kila baada ya kuvuka maji mengi angalia oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage.

Maandishi kabla ya malipo

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo yaandike kwenye oda: aina ya gari na mwaka wake, uzito wa kila siku, ukubwa wa matairi, njia za tope na lami. Aliyesema tu “nipe springi za Land Cruiser” amejinyima sehemu ya ulinzi huo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo hukataza maelezo ya kupotosha, na tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halifuti haki za mlaji kwa bidhaa mbovu.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na omba vifaa vya zamani virudishwe mkononi mwako. Springi na bushi zilizotolewa ni ushahidi kwamba mpya zimewekwa. Kampuni ya bima ijulishwe mabadiliko kwa maandishi, ama sivyo huenda ikakataa kulipa siku ya ajali. Injini nyingine ikiwekwa, namba yake hailingani tena na kadi ya gari, na Mamlaka ya Mapato inapaswa kuarifiwa.

Boliti zenye umbo la U, zinazofunga springi kwenye ekseli, hulegea springi mpya zinapotulia. Fundi aandike kwenye risiti kwamba atazikaza tena bila malipo baada ya kilomita 500, atapima breki gari likiwa na mzigo, na mteja awepo anapofanya hivyo.