Barabara Inayotulisha na Kutuunguza

Na mwanafunzi wa Kidato cha 3

Leo tujifunze juu ya barabara kuu inayotoka Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Wengi wetu huivuka kila asubuhi tukija shuleni, lakini je, twaijua?

Kutoka Mombasa, barabara hii hupita Mariakani, Voi, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud na Mlolongo. Hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Halafu huja Naivasha, Nakuru, Salgaa, Eldoret, Webuye, Bungoma na mwishowe Malaba. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hupita hapa. Hata Mlolongo ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyongoja mizani. Miji mingi hapa huishi kwa kuwauzia madereva na utingo chakula na malazi. Mimi mwenyewe, pesa zangu za chakula cha mchana shuleni hutoka kwa chapati za mama pale Salgaa.

Lakini barabara hiyo hiyo ina mauti. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, juu ya Salgaa. Watu walikuja mbio na mitungi na ndoo. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Mjomba wangu alipona, lakini vidole vya mkono wake wa kulia vimeshikana hadi leo. Huniambia, "Mpwa wangu, niliona tu watu wakikimbia, nami nikakimbia."

Kwa nini petroli ni hatari hivyo? Kwanza, hugeuka mvuke hata kukiwa na baridi. Pili, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo hutambaa chini na kuingia mitaroni, nawe huuoni. Tatu, cheche moja ya kuwasha sigara au ya injini yatosha. Basi kusema ati "mimi nitasimama kando" si kinga.

Muhula uliopita lori lingine lilipinduka tukitoka shule. Wenzangu walikimbilia huko. Mimi nami nilikuwa nimekwisha mwaga maji ya chupa yangu. Nilipofika mtaroni harufu ilinipiga puani, nikaukumbuka ule mkono. Nikarudi. Siku hiyo moto haukuwaka. Wenzangu waliuza petroli yao, na mimi wakaniita mwoga. Wacha waniite.

Ndugu msomaji, ukiona lori la mafuta limeanguka, ondoka upesi, wazuie wadogo, kisha piga simu 999. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Zoezi
1. Taja miji mitano iliyo kati ya Nairobi na Malaba.
2. Kwa nini kusimama kando ya petroli iliyomwagika si salama?
3. Wewe ungerudi?